Nukta Nyekundu za Bi Futi

Ukisikia mtu anasema Bi Futi ana maringo, mwulize kwanza kama amewahi kushonewa naye. Maringo yatoke wapi! Bi Futi alikuwa mzito wa maneno tu, na katika mji wa watu wepesi wa maneno kama ule, hilo lilitosha kukupa sifa ya kuringa. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kadi ya kliniki, basi. Kwingine kote alikuwa Bi Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Mara mbili alikwenda nayo mpaka kanisani kwa kusahau, na kwaya ikacheka hadi wimbo ukavurugika katikati.

Alishona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na dirisha la barabarani, meza ya kukatia, na vyerehani viwili: kimoja cha miguu, na kimoja cha umeme ambacho hakukipenda kwa sababu, alisema, kina papara kama bwana harusi. Nyuma ya pazia palikuwa na nafasi ndogo ya kupimia, yenye kioo na ndoano mbili za kutundikia nguo. Wasichana wa sekondari wa mji mzima walipita nyuma ya lile pazia kila mwanzo wa mwaka.

Sasa lazima nieleze jambo la kifundi, na ukiliruka hili hutaelewa kilichotokea. Sketi ya shule, kwa mkono wa Bi Futi, haikukatwa sawasawa na kiuno cha mtoto. Aliacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, kila upande, akavikunja na kuvipiga pasi mpaka vikalala. Hivyo aliviita akiba. Mtoto anakua, anajaa, sketi inambana. Mama yake anairudisha, Bi Futi anafumua, anaitoa akiba, anashona upya. Akishafanya hivyo, anafungua daftari lake la vipimo, anatafuta jina la mtoto, na kando yake anatia nukta kwa kalamu nyekundu. Maana yake: huyu akiba imekwisha, safari nyingine usihangaike kufumua, kata sketi mpya. Basi. Nukta ilikuwa habari ya kitambaa.

Lakini futi nayo haifichwi kitu. Mara nyingine msichana aliingia nyuma ya pazia, Bi Futi akazungusha futi kiunoni, akajua kabla ya mama, na pengine kabla ya msichana mwenyewe. Alifanyaje? Hakufanya kitu. Alifumua, akatoa akiba, akatia nukta kama za wengine, akasema, "Haya mwanangu, sketi yako hii." Msichana alimtazama kwenye kioo, yeye akautazama mshono. Enzi hizo mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mkali wa sura na laini wa moyo. Msichana aliondoka "kwenda kumwuguza bibi", na mwaka uliofuata akarudi, akapimwa upya, akakaa kwenye dawati lake. Hakuna aliyeuliza bibi anaendeleaje. Katika miaka tisa ya daftari lile, wasichana wa namna hiyo walikuwa kumi na mmoja, na nukta zote zilikuwa thelathini na saba. Wengine ishirini na sita walikuwa wamekua tu, au wamenenepa, au wameugua. Nani alikuwa wa kundi gani, alijua Bi Futi peke yake.

Kisha yule mama akastaafu na kuhamia mbali, akaja mwalimu mkuu mwingine na sheria yake: ukipata mimba, kwaheri ya kuonana. Na wa kumi na mmoja alikuwa Profesa.

Profesa alikuwa binti wa marehemu mdogo wake, na Bi Futi alimlea tangu ana miaka saba. Aliitwa Profesa kwa sababu alikuwa na tabia ya kuisahihisha redio. Msomaji wa habari akikosea hesabu, yeye anamjibu kutoka jikoni. Alikuwa kidato cha tatu, wa kwanza darasani, siku Mama yake Mkubwa alipomzungushia futi, akaisoma, akaizungusha tena, kisha akamzaba kofi. Halafu akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa na wakalia wote wawili, mmoja kwa aibu, mwingine kwa hasira ya kushindwa kumlinda mtoto wa marehemu. Kijana aliyempa mimba alihamia kwa mjomba wake, na shule ya huko ikampokea kwa mikono miwili, sare mpya na yote. Profesa alibaki nyumbani akimnyonyesha mtoto wa kike huku kitabu cha hisabati kimeegemezwa kwenye mto.

Mtoto alipotimiza miezi kumi, ikaja habari. Baraza la mji lilikuwa linataka kupitisha kanuni kwamba wasichana waliojifungua warudi shuleni. Lilikuwa limeunda kamati ya watu saba kusikiliza maoni na kuamua, na mmoja wao alikuwa Mchungaji. Bi Futi aliposikia, alipiga vigelegele peke yake chumbani. Hukumsikia kwa sababu alivipiga kwa sauti ndogo, lakini alivipiga. Profesa angewahi kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Ilibaki miezi miwili tu dirisha la usajili lifungwe, na akilikosa hilo, umri ungemtoa kabisa.

Mchungaji hakuwa mtu wa mbali. Ndiye aliyemzika mdogo wake Bi Futi, ndiye aliyembatiza Profesa, na joho lake lilitoka kwenye cherehani cha miguu kilekile. Alimwita Bi Futi dada, na hakuwa anamwita hivyo kwa kupaka mafuta. Alikuja Jumatano moja mchana, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye stuli ya wateja na kumpakata mtoto wa Profesa.

"Dada yangu," alisema, "mimi nipo upande wenu. Lakini kwenye kamati kuna watu wanasema tukiwarudisha, shule itageuka wodi ya wazazi. Wanasema halijawahi kufanyika popote likaisha salama. Sina cha kuwaonyesha."

"Lilishafanyika hapahapa," Bi Futi alimjibu.

"Nani anaweza kulithibitisha?"

Kisha, mwanamke yule ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusema, alisema. Alitoa daftari, akamweleza habari ya akiba na nukta. Akamwonyesha jinsi baadhi ya majina yanavyopata nukta, yanapotea mwaka mzima, kisha yanarudi na vipimo vipya na kuendelea mpaka kidato cha nne. Hao walirudi shuleni. Wamo ambao leo ni wauguzi, yumo mwalimu, wamo wake za watu wanaoheshimika. Dari ya shule haikumwangukia mtu.

"Lakini nisikilize vizuri," alisema, na hapa alimshika mkono. "Si wote wenye nukta. Ni kumi na mmoja tu, Profesa akiwemo. Nani ni nani, hilo linabaki kwangu, hata wewe sikuambii. Wengine wamepotea mwaka kwa ugonjwa, wengine kwa kuhama. Wewe wape hiyo kumi na moja, waonyeshe kwa mbali kwamba daftari lipo, unirudishie."

Macho ya Mchungaji yalikuwa na machozi. Siongezi chumvi, yalikuwa na machozi ya kweli. "Hii ndiyo hoja," alisema. "Hii ndiyo hoja yenyewe, dada. Majina hayatatoka kinywani mwangu." Akalifunga daftari kwenye gazeti, akaliweka kwapani, akavaa viatu vyake. Jioni ile Bi Futi alikata sketi mpya ya Profesa, na akaiacha akiba pana kuliko kawaida kwa furaha tu.

Jumapili mbili baadaye, Mheshimiwa akaja kanisani. Mheshimiwa alikuwa mbunge aliyekuwa anarudi kuomba kura. Miaka minne hakuonekana kwenye ibada hata ya mazishi, na sasa alikaa benchi la mbele na Biblia mpya ambayo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Alipopewa nafasi ya kusalimia, hakusalimia. Alihubiri! Alisema mpinzani wake anataka kuwaletea mimba madarasani. Alisema nchi inahitaji viongozi wa dini wasioogopa, na kwamba akirudi bungeni ataunda Kamati ya Maadili ya wilaya nzima, na mwenyekiti wake atatoka miongoni mwa watumishi wa Mungu, "na sihitaji kwenda mbali kumtafuta." Akageuka akamtazama Mchungaji. Watu wakapiga makofi. Bi Futi naye alipiga, kwa adabu tu, akijisemea moyoni kwamba huyu bwana hamjui Mchungaji wetu.

Kumbe anamjua vizuri kuliko yeye.

Kikao cha kamati kilifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Bi Futi alikaa nyuma, Profesa kando yake na mtoto mgongoni. Alikuwa amemvalisha Profesa blauzi nyeupe ya shule, ili akiitwa kusema asimame kama mwanafunzi.

Aliyeanza kusema alikuwa mama mmoja muuza mboga. "Mimi nina mabinti watatu," alisema. "Nimewachunga kwa macho yangu haya mpaka yameota ukungu. Wamejizuia. Leo mkimrudisha aliyeteleza akakaa dawati moja na aliyejizuia, mimi wangu nitawaambia wamejizuia kwa ajili ya nini?" Hata Bi Futi maneno yale yalimwingia, maana mama yule hakuwa na hila, alikuwa anauliza kwa kutaka kujua. Alisubiri Mchungaji amjibu. Alijua angemjibu vizuri.

Mchungaji alisimama na daftari mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "niliingia kwenye kamati hii na moyo wa huruma. Nilitaka kuamini kwamba ni watoto wachache walioteleza. Kisha Mungu akaniletea hili." Akaliinua juu. Jalada lile gumu la bluu, kila mama pale ndani alilijua. "Hapa pana nukta nyekundu. Kila nukta ni sare iliyolegezwa tumboni. Majina siwezi kuyataja, niliahidi. Lakini idadi nitaitaja. Thelathini na saba! Katika cherehani kimoja! Thelathini na saba waliofichwa, wakarudishwa kinyemela, wakakaa na watoto wenu, na ninyi hamkujua!"

Ukumbi ukalipuka. Kwanza Bi Futi alidhani amesikia vibaya. Halafu alimwona Mheshimiwa, kwenye safu ya wageni, anaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua, na hapo ndipo alipoelewa kwamba ameuzwa, na si leo.

"Si kweli!" alipiga kelele, akasimama. "Nilikuambia si wote! Nilikuambia kwa mdomo wangu!"

Mwenyekiti wa kikao aligonga meza. "Fundi, una la kusema? Basi sema. Ni wangapi?"

"Ni kumi na..." Akakwama.

"Kumi na wangapi? Na ni wepi?" mtu aliuliza kutoka dirishani. "Tutajie tuwajue, wale wengine wapone!"

Watu wakaitikia, ndiyo, atutajie. Bi Futi alizungusha macho ukumbini. Safu ya tatu alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ameolewa, mumewe kando yake. Mwalimu yule alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili na anamtazama Bi Futi bila kupepesa. Akisema kumi na mmoja, watauliza kumi na mmoja wepi. Akimsafisha mmoja, mama wa pili atasimama na wangu je. Atawasafisha ishirini na sita, na watakaobaki watakuwa wamesimama uchi katikati ya mji. Alifumba mdomo. Akakaa.

Na watu walivyo, walichukua kule kukaa kwake kuwa ndiyo jibu. Kanuni ilianguka, watano kwa wawili. Mchungaji alikuwa kati ya wale watano, na mkono wake ndio ulioinuka wa kwanza.

Ahadi yake aliitimiza, bwana. Majina hayakutoka kinywani mwake. Alichofanya ni kuliacha daftari mezani "kwa ajili ya kumbukumbu", na vijana wa Mheshimiwa wakazipiga picha kurasa zote. Kufikia Jumapili mchana zilikuwa kwenye kila simu: majina, madarasa, viuno, nukta.

Wiki iliyofuata hakuna aliyeleta kitambaa. Waliokuja walikuja kwa jambo moja. Mama mmoja alisimama nje ya dirisha akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Mwingine aliingia taratibu, akapiga magoti. "Bi Futi, unajua wangu alikuwa mnene tu tangu utoto. Nipe karatasi, mistari miwili. Mkwe ameshaanza maneno." Wote walitaka kitu kilekile, na wote aliwajibu vilevile: sisemi. Si kwamba hakutaka. Alitamani mpaka meno yalimuuma. Ila hakuona njia ya kuwatoa hawa bila kuwasukuma wale.

Aliyemvunja kabisa alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili. Binti yake alikufa miaka minne iliyopita kwa uvimbe wa tumboni. Bi Futi ndiye aliyemlegezea sketi ugonjwa ulipoanza, na ndiye aliyeshona gauni alilozikwa nalo. Mzee alikaa kwenye stuli, mikono yake midogo ya kazi imelala magotini.

"Wewe unajua alikuwa mgonjwa," alisema.

"Najua, baba. Na wewe unajua."

"Mtaa haujui. Wanasema alikufa kwa kutoa mimba. Amekufa, Bi Futi, hana mdomo. Neno moja tu."

Bi Futi alilia mbele yake bila kujificha. Nusura aseme. Akafikiria: nikimtoa marehemu, hakuna atakayenilaumu. Kisha akamwona yule mama aliyepiga magoti, akamwona na wa pili na wa tatu, wakisema marehemu umemtoa, sisi walio hai unatuacha? Alitikisa kichwa. Mzee alinyanyuka, akasema, "Sikutegemea hili kwako," akaondoka. Tangu siku hiyo akimwona barabarani alivuka upande wa pili.

Siasa nayo haina rafiki, na sasa ilimgeukia mwenyewe aliyeikaribisha. Mheshimiwa alimtangaza Mchungaji mbele ya umati kuwa mwenyekiti mtarajiwa wa Kamati ya Maadili. Kesho yake watu wa mpinzani walichukua picha zilezile, wakakuza ukurasa mmoja, wakazungushia jina moja duara: binti wa Mchungaji. Kidato cha tatu, miaka mitano iliyopita. Nukta.

Mchungaji alikuwa ameliona jina lile tangu mwanzo na halikumshtua hata kidogo. Binti yake alikuwa amenenepa mwaka ule, akaenda kwa dada wa mama yake kusoma kwa mwaka mmoja, akarudi. Sasa alikuwa chuo cha uuguzi. Mchungaji hakuwahi kujiuliza kwa nini yule dada wa mkewe alipata mtoto mwaka uleule akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mkewe ndiye aliyemleta binti nyuma ya pazia. Mkewe na Bi Futi hawakusemezana neno siku ile, ila mkewe alipotoka alimshika Bi Futi bega na kulibana mpaka likauma.

Walikuja wote wawili, asubuhi, Mchungaji mbele na mkewe nyuma. Safari hii hakuvua viatu.

"Dada yangu," alianza.

"Usiniite hivyo," Bi Futi alisema. Hakuinuka kwenye cherehani. "Ulikaa hapo hapo. Ulimpakata mtoto wangu hapo hapo. Nilikupa kitu ambacho sikumpa mtu tangu nianze kushona, na wewe ukaenda ukakisimamia juu ili uonekane mrefu. Uliniuza, Mchungaji. Na hukuniuza mimi peke yangu."

"Niliona mambo mapana zaidi. Mji ulikuwa unapotea."

"Thelathini na saba uliitoa wapi? Nilikuambia kumi na mmoja."

Mchungaji alipangusa uso. "Kumi na mmoja isingemtikisa mtu," alisema, na nadhani ndilo neno pekee la kweli alilosema miezi ile. Kisha akatoa bahasha mfukoni mwa koti, akaiweka mezani. "Nisikilize. Mimi ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule ya kanisa. Shule ile haifungwi na uamuzi wa kamati. Hii ni barua ya kumpokea Profesa, Jumatatu aanze, na jina lake liingie kwenye usajili wa mtihani kabla dirisha halijafungwa Ijumaa. Nimeshaisaini. Ninachoomba ni kitu kidogo. Jumapili usimame kanisani, useme binti yangu alinenepa tu. Sikuombi uongo. Nakuomba useme ukweli."

Nyuma ya pazia Profesa alikuwa anamvalisha mtoto, na mikono yake ilisimama. Bi Futi aliitazama bahasha. Hapo mezani palikuwa pamelala maisha ya mtoto wa marehemu, na bei yake ilikuwa maneno mawili: alinenepa tu. Nani angeumia? Akainua macho, akakutana na ya mke wa Mchungaji. Mama yule alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, juu chini, juu chini. Sema. Tafadhali sema.

Angeweza kusema. Angeweza pia kusema ukweli wenyewe, palepale, na kumwona mtu huyu anaanguka kama alivyowaangusha wenzake. Hasira yake ilitaka hilo kwa nguvu zote, sitaki nikudanganye. Lakini akisimama kanisani kumsafisha huyu mmoja, Jumatatu ile fundi saa angekuja na swali lake, na ni la haki: wa Mchungaji umemsemea, wangu je? Wote wangekuja. Na mwisho wa foleni ile angekuwepo yule mwalimu wa safu ya tatu, na wenzake, wamebaki peke yao.

"Sisemi," alisema.

"Husemi nini?"

"Sisemi alinenepa. Sisemi hakunenepa. Wazazi wote waliopita mlangoni hapo nimewajibu hivihivi, Mchungaji. Na wewe ni mzazi."

Mchungaji alicheka kwa hasira. "Basi unataka watu wafikirie nini? Mke wangu yupo hapa, ndiye aliyemleta. Mwambie, mama. Mwambie alikuwa mnene tu."

Akageuka kumtazama mkewe. Mkewe alifungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Mchungaji aliyaona. Kisha akaichukua bahasha pale mezani, akairudisha mfukoni, akatoka bila kumngoja. Mama yule alibaki ameshika ukingo wa meza ya kukatia kama mgonjwa, kisha naye akatoka, kwa hatua fupi fupi.

Pazia likafunguka. Profesa alisimama na mtoto kiunoni. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Maneno mawili, Mama Mkubwa," alisema.

"Mwanangu, ningesema hayo, wale wengine..."

"Najua. Hesabu yako nimeielewa, na ni sahihi." Alimhamishia mtoto upande wa pili. "Binti yake umemficha. Mwalimu umemficha. Watu ambao hata hawakusalimii umewaficha. Lakini siku ile ulipompa Mchungaji daftari, jina langu lilikuwa ukurasa wa mwisho, na ulimtajia wazi. Mimi hukuniuliza."

Bi Futi alitaka kusema alifanya vile kwa ajili yake, na ilikuwa kweli, na palepale akatambua kwamba Mchungaji naye angesema hivyohivyo kwa ajili ya mji.

"Sikukuuliza," alisema mwishowe.

Profesa aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mwanafunzi na kuona jibu, walau moja, limekaa sawa. Akaingia ndani na mtoto wake. Ijumaa, saa kumi jioni, dirisha la usajili likafungwa.